Hisa 420 na Vyumba Viwili vya Majengo

Mama yangu ana hisa 420 za Safaricom. Tangu Juni 2008 hajaongeza hata moja, na hajauza. Mgao wa faida ukiingia kwenye simu yake huniita nimsomee ujumbe, ingawa macho yake ni mazima kuliko yangu, kisha husema maneno yaleyale ya kila mwaka: "Haya. Pesa za nyanyako hizo."

Nyanya hakununua hisa hata siku moja. Mwanzoni aliziita karatasi za wazungu. Baadaye, karatasi zilipokwisha na kila kitu kikaingia kwenye kompyuta, akaziita hewa. Mali yake yeye ilikuwa vyumba viwili vya kupangisha katika nyumba ya udongo na mabati hapa Majengo, Pumwani, na alipofariki vilikuwa bado vina wapangaji.

Juzi binamu yangu alinijia na swali. Ana miaka 22, anafanya kazi ya kufungua mabelo ya mitumba Gikomba, na amedunduliza shilingi elfu kumi na tano. Wenzake wa maskani wamegawanyika. Wengine wanacheza ule mchezo wa ndege, wengine wanafanya biashara ya sarafu za kigeni kwa simu, na mmoja amewaambia wote kwamba wajanja siku hizi wananunua hisa. "Sista, wewe ndiye wa vitabu," akasema. Chuo kikuu niliacha mwaka wa pili, lakini kwetu habari hiyo ni kama haijafika. "Ninunue hisa ama nitulie? Nchi yenyewe haieleweki."

Nilimwambia anipe wiki moja. Nilitaka kumwandikia ujumbe mfupi. Nilipoanza nikaona siwezi kumjibu kuhusu hisa bila kumwambia habari za nyumba, na ndipo maneno yakawa mengi hivi.

Majengo ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920. Nairobi yenyewe ilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu tu, mji uliozaliwa 1899 kwa sababu ya reli. Waafrika walikuwa wamejijengea vijiji vyao pembeni: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini. Wakoloni hawakuvipenda. Wakapima viwanja Pumwani, wakachora barabara, wakaweka vyoo, wakaambia watu wahamie huku wajenge wenyewe. Ndiyo maana tukaitwa Majengo. Nyumba ilikuwa yako, uliijenga kwa udongo wako na miti yako, ukaezeka kwa madebe yaliyonyooshwa. Lakini ardhi ilibaki ya manispaa. Ulikuwa unamiliki kuta na paa juu ya udongo wa mtu mwingine.

Sehemu kubwa ya waliojenga ilikuwa wanawake. Mwanahistoria Luise White aliandika habari zao katika kitabu The Comforts of Home, kilichotoka 1990, baada ya kuzungumza na wazee wa Nairobi katika miaka ya 1970. Walikuwa wanawake waliotoka kila pembe ya nchi na nje yake, na wengi wao walipata pesa kwa kazi ambayo mtaani tunaitaja kwa kunong'ona. Mwanamume aliyefanya kazi mjini bila mke angekuja kununua chai, maji ya kuoga, chakula, kitanda, na mwenzi. Majina waliyobandikwa tunayajua, na baadhi bado ni matusi. Kile ambacho watu husahau ni walichofanya na hizo pesa. Walijenga.

Wengi walisilimu, wakapata jina jipya na watu wapya. Mwanamke ambaye kwao hangerithi hata mbuzi aliweza huku kuwa na nyumba ya vyumba sita, kupangisha vitano, na kumchagua mwenyewe atakayemwachia. Nyanya yangu alipata vyumba vyake hivyo. Mwanamke aliyemwachia hawakuwa na damu moja. Alikuwa ametoka Pangani, akamchukua nyanya akiwa msichana, akamlea, akamfunza kuswali na kuhesabu kodi.

Kwa nini alitoka Pangani? Kwa sababu Pangani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Manispaa ilijenga nyumba zake Shauri Moyo, na wenyeji wakaambiwa waende. Watu waliokuwa wenye nyumba waliamka wakiwa wapangaji. Yule mama alikuwa na nyumba Pangani. Alifika Majengo na masanduku mawili na akaanza upya, kwanza kwa kupanga chumba, kisha kwa kununua nyumba ya mtu aliyerudi kwao.

Hapo ndipo tunapokosea tukisema wazee wetu waliamini nyumba kwa sababu nyumba haina hatari. Walijua hatari yake kuliko sisi. Waliona kijiji kizima kikifutwa. Walijenga tena kwa sababu chumba kinalipa kila mwisho wa mwezi, na kwa sababu hapakuwa na mlango mwingine uliokuwa wazi.

Mlango mwingine ulikuwepo mjini, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mwaka 1951 dalali mmoja, Francis Drummond, alifungua kampuni ya kwanza ya udalali wa hisa hapa Nairobi. Akamshawishi Ernest Vasey, aliyekuwa waziri wa fedha wa serikali ya kikoloni, kwamba Afrika Mashariki inahitaji soko lake la hisa. Mwaka 1954 Soko la Hisa la Nairobi likaandikishwa kama chama cha hiari cha madalali. Halikuwa na jumba. Madalali walikutana katika hoteli ya Stanley, wakanywa kahawa, wakakubaliana bei. Mpaka leo hoteli hiyo ina baa iliyopewa jina kwa kumbukumbu ya soko lile.

Mwaka 1954 huohuo, Aprili 24, wanajeshi na polisi waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Mitaa ya Waafrika ilifungwa, Pumwani ikiwamo. Watu walitolewa nyumbani, wakapangwa mistari, wakachambuliwa kwa kabila na kitambulisho, na makumi ya maelfu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakapelekwa vizuizini. Ndiyo Nairobi ileile. Upande mmoja watu wanauziana vipande vya makampuni kwa neno la kiungwana, upande wa pili mtu hajui kama jioni atalala kwake.

Na hata kama mwenye nyumba wa Majengo angekuwa na pesa na akajua njia ya Stanley, asingeruhusiwa. Mpaka uhuru mwaka 1963 biashara ya hisa ilikuwa ya Wazungu wakazi tu. Waafrika na Waasia hawakukubaliwa kununua. Kwa hiyo nyanya aliposema karatasi za wazungu, sisi wajukuu tulicheka, lakini alikuwa anasema ukweli wa miaka tisa ya kwanza ya soko lile.

Mlango ulifunguka polepole sana. Mwaka 1996 serikali iliuza hisa za Kenya Airways kwa umma, shilingi 11.25 kila moja, na zaidi ya watu laki moja wakawa wenye hisa. Mwaka 2001 ikaja Mumias Sugar. Mwaka 2006 ikaja KenGen, kwa shilingi 11.90, na ilipoanza kuuzwa sokoni bei iliruka zaidi ya maradufu. Hiyo KenGen ndiyo iliyoichoma Nairobi. Kila mtu alimjua mtu aliyenunua, akauza baada ya wiki chache, akalipa karo ama akanunua pikipiki. Gikomba habari hiyo ilizunguka kuliko bei ya mabelo.

Kwa hiyo serikali ilipotangaza kwamba itauza robo ya Safaricom, watu walikuwa wamejiandaa tayari. Kila mtu alikuwa na laini ya simu. M-Pesa ilikuwa imeanza Machi 2007 na tayari mama alikuwa anapokea pesa za wateja wa mashambani kupitia hapo. Hakuhitaji kuelezwa kampuni inafanya nini.

Halafu Desemba 2007 nchi ikawaka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Nilikuwa na miaka minane. Ninakumbuka kulala chini, si kitandani, na nyanya akihesabu wapangaji wake kila jioni kama vifaranga. Mkataba wa amani ulitiwa saini Februari 28, 2008. Mwezi mmoja tu baadaye, Machi 28, mauzo ya hisa za Safaricom yakafunguliwa. Raila Odinga aliapishwa kuwa Waziri Mkuu Aprili 17, mauzo yakiwa yanaendelea. Aprili 23 yakafungwa.

Mwezi huohuo wa Machi, kampuni kubwa ya udalali, Nyaga Stockbrokers, iliwekwa chini ya usimamizi wa mamlaka ya masoko ya mitaji. Wateja walikuwa wanalalamika kwamba hisa zao zimeuzwa bila ruhusa. Mwaka mmoja kabla yake, Francis Thuo and Partners ilikuwa imeanguka. Watu walizisoma habari hizo gazetini wakiwa kwenye foleni ya kuchukua fomu za Safaricom. Ninakumbuka foleni, kwa sababu mama alinibeba mgongoni sehemu ya njia nilipochoka.

Ukiuliza mtaalamu atakwambia ule ulikuwa wakati mbaya wa kuwekeza. Damu haijakauka, serikali haijaundwa, madalali wanaanguka. Lakini mama hakuona hivyo. "Nilifikiri," aliniambia nilipomuuliza mwaka huu, "kama hata baada ya yale yote watu bado watapiga simu, basi hiyo kampuni haitakufa." Katika uchambuzi wote niliousoma wa mwaka ule sijaona hoja safi kama hiyo.

Kosa lake lilikuwa kwingine. Kiwango cha chini kilikuwa hisa 2,000 kwa shilingi 5, yaani shilingi elfu kumi. Mama hakuwa nazo. Alikuwa na elfu tatu. Zilizobaki, elfu saba, aliazima kwa chama chake cha wanawake kumi na wawili wa Gikomba, kwa ahadi ya kurudisha kabla ya zamu inayofuata. Hesabu yake ilikuwa ya KenGen: bei itapanda, atauza kidogo, atalipa, na zitakazobaki ni zake.

Kwanza alikwenda kwa ustadh. Majengo hiyo haiepukiki. Bondi za serikali na akaunti za riba kwetu zina maneno mengi, na hisa za benki pia. Ustadh akamwambia kampuni ya simu inauza huduma, faida na hasara ni zenu wote, haoni tatizo. Kisha akauliza: "Na pesa ni zako?" Mama alinyamaza. Anasema swali lile alilisikia vizuri sana na akaondoka haraka.

Zaidi ya watu laki nane waliomba. Hisa zilizouzwa zilikuwa bilioni 10, za shilingi bilioni 50, na maombi yakazipita mara kadhaa. Mwananchi wa kawaida akapewa asilimia 21 ya alichoomba. Mama aliomba 2,000, akapata 420. Shilingi 2,100 zikawa hisa, na shilingi 7,900 zikawa za kurudishwa.

Hazikurudishwa kwa wakati. Fomu yake ilikuwa imepita kwa wakala mmoja, na kila alipokwenda aliambiwa hundi inatayarishwa. Juni 9 Rais Kibaki alizindua uuzaji wa hisa hizo sokoni, na siku hiyo bei ilipita shilingi 7. Kwenye runinga watu walipiga makofi. Zamu ya chama ilikuwa imefika. Mwanamke aliyekuwa na zamu alikuwa na mtoto aliyelazwa na alihitaji pesa zake siku hiyo, si wiki ijayo. Alikuja nyumbani na wenzake watatu. Hawakupiga kelele. Walikaa tu kwenye mkeka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nyanya akaenda chumbani, akarudi na kitambaa kilichofungwa fundo. Ilikuwa kodi ya vyumba viwili, ya miezi miwili. Akahesabu elfu saba mkekani. Hakumwambia mama kitu siku hiyo wala kesho yake. Hundi ilipofika, wiki nyingi baadaye, mama alimpelekea, na nyanya akaikataa. "Nunua belo," akasema. "Na hizo hewa zako usiuze. Nimezilipia."

Ndiyo maana ni pesa za nyanyangu.

Ukiangalia bei tangu siku hiyo utaona mama hakufanya chochote cha werevu. Septemba 2008 Lehman Brothers ilianguka Marekani, wageni wakaanza kutoa pesa zao, na mwaka 2009 hisa ya Safaricom ilikuwa chini ya shilingi 3. Walionunua kwa mkopo wa benki, na walikuwa wengi, walilipa riba ya kitu kilichopoteza karibu nusu ya thamani yake. Mama hakuuza kwa sababu alikatazwa. Mwaka 2021 hisa hiyohiyo ilipita shilingi 40. Hakuuza. Mwisho wa 2023 ilikuwa karibu shilingi 14, ndio muhula ambao karo yangu ilikosekana. Tuliketi tukapiga hesabu: 420 mara 14, elfu tano mia nane na themanini. Karo ilikuwa mara kadhaa ya hiyo. Mama alikuwa tayari kuuza zote. Mimi ndiye niliyekataa, na sijui kama nilikataa kwa sababu ya nyanya ama kwa sababu nilikuwa nimechoka na chuo. Mwaka 2025 ikapanda tena ikapita 25.

Mgao wa faida ulikuwa shilingi 1.20 kwa hisa kwa kila mwaka wa fedha ulioishia 2023, 2024 na 2025. Kwa hisa 420 hiyo ni shilingi 504 kabla ya kodi. Mtu anaweza kucheka. Lakini hisa zenyewe zilinunuliwa kwa shilingi 2,100, na kila mmoja wa miaka hiyo zilirudisha karibu robo ya hiyo. Hakuna belo lililowahi kumfanyia mama hivyo kwa miaka mfululizo. Mabelo yake mengine yaliungua. Gikomba huungua, kila mtu wa hapa anajua. Moto wa Juni 28, 2018 uliua watu 15, na kibanda chetu kilikuwa miongoni mwa vilivyobaki majivu.

Lakini nisimdanganye binamu yangu kwa kumwonyesha Safaricom peke yake. Walionunua Mumias waliona bei yake ikishuka chini ya shilingi moja, na mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu wa benki. Walionunua Kenya Airways walifungiwa: uuzaji wa hisa zake ulisimamishwa Julai 2020 na ukarudi Januari 2025. Miaka minne na nusu una hisa na huwezi kuiuza, hata mtoto akilazwa. Mama alichagua vizuri kwa sababu aliijua kampuni, lakini pia alibahatika, na bahati haifundishwi.

Na kutulia nako si bure. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Serikali ilihitaji pesa kiasi kwamba Februari mwaka huo ilitoa bondi ya miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46, na wenye pesa wakaikimbilia. Aliyeacha pesa zake chini ya godoro alizipoteza bila kuibiwa. Sisi ambao riba inatukwaza tulitazama tu. Mwaka 2023 ilikuja sukuk ya Linzi, ya takriban shilingi bilioni 3, ya kujenga nyumba. Nyanya angeelewa hiyo bila kuelezwa: watu wanachanga, nyumba zinajengwa, kodi inagawanywa. Ila mkononi mwa mtu wa Majengo sijaiona.

Wanawake wa mtaa huu waliwekeza wakati ambapo serikali yenyewe ndiyo iliyokuwa tishio, na bado wakaacha kitu. Nilivyomwelewa nyanya, hawakujaribu kujua kesho itakuwaje. Walitumia pesa zilizokuwa zao kabisa, wakaziweka mahali wanapopaelewa, na wakataka kitu kinacholipa kidogo kila mwezi wakati wanangoja. Yule mama wa Pangani alipoteza nyumba, lakini hakuwa na deni la mtu juu yake, na ndiyo maana aliweza kuanza tena.

Kwa hiyo nilimwita binamu na nikamuuliza maswali mawili tu. La kwanza lilikuwa la ustadh. "Hizo elfu kumi na tano ni zako?"

Akakuna kichwa. "Zangu ni tisa. Sita ni za msee wangu, ananiwekea. Anakwenda kuoa Desemba."

"Hizo mrudishie leo."

"Lakini sista, nikizizungusha kabla ya Desemba..."

"Leo."

La pili lilichukua muda zaidi. Nilimuuliza: kati ya hizo tisa, ngapi hutazihitaji hata ukiugua, hata Gikomba ikiungua, hata wakikufungia usiweze kuziuza miaka minne? Alihesabu kwa vidole. Kodi ya chumba. Dawa za mamake. Faragha kidogo ya ajali ya kazi, kwa sababu hana bima. Alipomaliza ilibaki elfu moja.

"Elfu moja si kitu," akasema, na niliona aibu usoni mwake, ile niliyoiona kwa mama kwenye ule mkeka.

Tangu Agosti 2025 soko linaruhusu mtu kununua hata hisa moja. Zamani ilikuwa lazima uanzie mia. Nikamwambia mlango uliofungiwa wale wanawake sasa una upana wa elfu moja, na hakuna anayemlazimisha aingie mbio. Alichagua kampuni mwenyewe. Sikumshauri ipi. Nilimwambia tu achague moja ambayo anaweza kumweleza mama yangu inapataje pesa.

Alimweleza jioni ileile, amesimama mlangoni. Mama alisikiliza huku akikunja nguo za kesho.

"Umelipa kodi?" akamuuliza.

"Nimelipa, shangazi."

"Na za watu umerudisha?"

"Nimerudisha."

Mama akatikisa kichwa na kumsogezea kiti. "Basi kaa ule."